Nyasi za Mpakani

Persis wa Nyamache alijua kwamba bila cheti cha kilimo kisicho na sumu, mnunuzi hatayataka matunda yake ya pasheni. Shida ilikuwa mteremko. Shemeji yake Nyamongo alilima nyanya juu ya shamba lake, na mvua ikinyesha, dawa yote ya wadudu ilishuka kwa Persis.

Mkaguzi wa cheti aliwaambia wapande nyasi za nepia mpakani, tena ukanda mpana, zizuie dawa isishuke.

Ili kuzipisha, Nyamongo aling'oa mistari miwili ya nyanya zilizokwisha kuchanua.

“Shemeji, utakula nini?” Persis akauliza.

“Nitakuja kwako. Si wewe ndiye tajiri?”

Cheti kilipokuja, nyuki walikuwa wamerudi mauani, na kijito cha chini hakikunuka dawa tena. Persis akamwambia Nyamongo nepia yote ni ya ng'ombe wake, hata ile iliyoota upande wa Persis.