Mapatano ya Mjambere

Kanisa la Mjambere lilikuwa moja kwa jina tu. Tangu Absalom ahamie hapo Kisauni mwaka wa 1942, kuja kufanya useremala katika kambi ya askari, waumini walikuwa wakiketi pande mbili kama watu waliofika barazani kusikiliza kesi. Upande wa kulia walikaa watu wa Kasisi Ruwa, wengi wao wenyeji waliobatizwa zamani. Kushoto walikaa wa Absalom, vibarua wa bara na vijana waliovutiwa na nyimbo zake.

Kasisi Ruwa alikuwa mtu wa kitabu. Akisema sala ni saa tatu, ilianza saa tatu hata kama yumo peke yake na mijusi ya darini. Mkosaji alimwita pembeni, akamwonya kwa sauti ya chini, akamtenga na Meza ya Bwana miezi sita, kisha akamrudisha, na ole wake atakayelitaja tena kosa lile. Absalom alikuwa mtu wa Nyanza, mwinjilisti asiye na kanzu, mwenye sauti ya kutikisa makuti. Kwake yeye mkosaji alisimama mbele ya watu wote akasema alilotenda, wakamwimbia, wakamkumbatia, yakaisha siku ileile. Kutenga watu alikuita unafiki. Kasisi naye aliliita ungamo la hadharani soko la aibu.

Aliyekwenda na kurudi baina yao alikuwa Dorcas, mkunga na kiongozi wa akina mama, mjane wa miaka hamsini na ushei. Aliwapenda wote wawili, na hilo ndilo lililomtesa. Mwaka wa njaa alimwona Kasisi Ruwa akigawa muhogo wake wa mwisho, watoto wake wakitazama. Alimwona Absalom akiwatoa wanaume vilabuni mmoja mmoja, akiwarudisha kwa wake zao wakiwa wazima. Lakini Pasaka ya mwaka 1944 kwaya mbili zilisimama pamoja zikaimba nyimbo mbili tofauti kwa wakati mmoja, kila moja ikipandisha sauti kuizima nyingine, na hapana aliyekubali kunyamaza kwanza. Dorcas alitoka nje akalia. Siku hiyo alimwomba Mungu jambo moja tu: wale wawili wapatane, kwa njia yoyote ile.

Wiki iliyofuata Mapenzi akaja kwake mchana, jua likiwaka. Alikuwa mke wa Baya, aliyechukuliwa vitani mwaka wa pili sasa, yuko ng'ambo. Mapenzi aliishi na mavyaa wake, Kafedha, mama mzazi wa Baya. Alikaa mkekani, akaifungua leso yake kidogo, na mkunga hakuhitaji kuambiwa.

"Miezi mitano," Dorcas alisema.

"Abee, mama."

"Ni nani?"

Mapenzi aliinamisha kichwa. "Mzee Boga."

Boga alikuwa mzee wa kanisa. Kiwanja lilipojengwa kanisa kilikuwa chake, na wakati wa njaa kamati ilimkabidhi yeye ghala la mahindi ya msaada ayagawe.

"Wenzangu walipewa kibaba, mimi nikapewa viwili," Mapenzi alisema. "Nikadhani ni kwa sababu mavyaa anaumwa. Mara ya tatu akafunga mlango wa ghala."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Yeye ndiye mzee wa kanisa, mama. Ningemwambia nani?"

Dorcas alimshika mikono. Alimwahidi kuwa atasimama naye, kwamba viongozi watajua la kufanya. Aliyasema hayo kwa moyo safi kabisa.

Jumanne walikutana watu watatu barazani kwa Kasisi Ruwa. Dorcas aliwaeleza yote bila kuficha jina. Kisha wale wawili wakaanza kama kawaida yao.

"Jumapili asimame aseme," Absalom alisema. "Jambo likiwa nuruni, Shetani hana pa kulishikia."

"Ni mke wa mtu, bwana, na mume yuko vitani," Kasisi alijibu. "Atatengwa kimyakimya. Taratibu ipo."

"Taratibu yako inawazika watu wangali hai."

"Na kelele zako zinawavua nguo."

Dorcas aliona wanavyozidi kusogea mbali, akaona hata hili litalipasua kanisa vipande ambavyo havitaungika tena. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Basi na iwe yote mawili. Asimame aungame, kama atakavyo Ndugu Absalom. Kisha atengwe miezi sita, kama itakavyo taratibu ya Kasisi. Hapo hapana aliyeshinda wala aliyeshindwa."

Wakamtazama. Kasisi Ruwa akavua miwani. Absalom akakuna kidevu, polepole akaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Lakini mmoja wetu asije akalegeza bila mwenzake," Kasisi alisema.

"Wala asikaze bila mwenzake," Absalom alisema.

"Na Boga?" Dorcas aliuliza.

Kasisi alitazama nje, kwenye paa la kanisa lililoonekana juu ya minazi. "Boga akituondoa kiwanjani, tutasali wapi?"

Dorcas alimgeukia Absalom, akitaraji kwamba yeye mwenye kupenda nuru atakataa. Absalom alikuwa akitazama viganja vyake. "Kila mtu huungama lake," alisema. "Mzee Boga, Roho atamfikia kwa wakati wake."

Wakasimama, wakapeana mikono. Tangu Absalom afike Mjambere, mikono ile haikuwahi kukutana. Kasisi aliomba, Absalom akaitikia amina kwa sauti ya chini, kwa adabu, na Dorcas machozi yakamtoka kwa furaha.

Jumapili Mapenzi alisimama mbele, leso ameifunga mpaka shingoni.

"Nimekosa," alisema. "Nina mimba, na si ya mume wangu."

Kafedha, aliyeketi mstari wa pili, aliachama kinywa. Hakuwa na habari. Watu wa nyumba moja, na alisikia pamoja na wapita njia waliochungulia dirishani.

"Sema yote, binti yangu, uwe huru," Absalom alimhimiza, kwani ndivyo alivyozoea kusema kwa kila mtu, na pengine alisahau walivyokubaliana.

Mapenzi aligeuza macho akamtafuta Dorcas. Boga alikuwa hatua nne tu kutoka pale, kofia yake gotini. Dorcas akatikisa kichwa: usiseme. Mapenzi akafumba mdomo. Wimbo ukapigwa, makofi yakalia, pande zote mbili zikaimba wimbo mmoja. Wimbo ulipokwisha, Kasisi Ruwa akafungua karatasi, akasoma kuwa Mapenzi ametengwa miezi sita. Asile Mezani, asile na waumini, wala muumini asiingie alalapo. Kanisa zima likasema amina. Boga naye alisema.

Adhuhuri haijaingia, sufuria na mkeka wa Mapenzi vilikuwa nje ya nyumba ya Kafedha. Alihamia kibanda cha vibarua kilichoachwa karibu na kisima, paa lake nusu limeoza.

Masika yakaingia, na kanisa likastawi ajabu. Ibada ikawa moja. Kasisi alisoma, Absalom akahubiri, watu wakakaa walipopenda. Waliezeka upya makuti. Boga alitoa nguzo na kuwapikia mafundi. Habari zikafika hadi Changamwe na Likoni, watu wakavuka maji kuja kutazama jinsi mwenyeji na mtu wa bara walivyoweza kulisha kundi moja. Wote walijua mapatano yalikuwa kazi ya Dorcas, wakamheshimu, wakampisha kiti.

Ila kisimani kila asubuhi alikutana na Mapenzi, tumbo likizidi kumlemea, uso ukizidi kuingia ndani.

"Shikamoo, mama," Mapenzi alisema.

Mara ya kwanza Dorcas aliitikia kwa midomo bila sauti. Mara ya pili akina mama wawili walikuwa wakimwangalia, akajifanya anafunga kamba ya ndoo. Baada ya hapo Mapenzi hakuamkia tena. Alisubiri kando mpaka waumini wamalize kuteka. Dorcas alijiambia kuwa miezi sita si mingi, na kwamba uchungu ukimshika, ataomba ruhusa mapema.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati wake, Ijumaa moja jioni. Aliyekuja kuita, Jumamosi asubuhi, alikuwa Mwanarehema, mwanamke Mwislamu aliyeuza vitumbua karibu na kisima. Alikuja akihema, unga bado mikononi.

"Mtu wenu ana hali mbaya," alisema. "Tangu jana jioni yuko hivyo, wala hapigi kelele. Mimi mwenyewe nimejua sasa hivi. Njoo, Bi Dorcas, hima."

Dorcas alichukua mkoba wake wa ukunga. Alipofika njia panda, kushoto kwenda kisimani, kulia kwa Kasisi, alisimama. Kisha akaenda kulia.

Kasisi Ruwa alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alibadilika rangi. "Nenda," alianza kusema, kisha akajizuia. "Lakini tuliahidiana, mimi na mwenzangu. Nikilegeza peke yangu, kesho watasema Kasisi amevunja mapatano, na tutarudi kule kule. Mwulize Absalom. Akikubali, nami nimekubali."

Absalom alikuwa kambini. Dorcas alikwenda kwa miguu kwenye matope ya masika, mvua ikimpiga usoni, na getini askari akamweka akingoja mpaka wamtafute. Absalom alitoka na nyundo mkononi. Alipoambiwa, alimkodolea macho.

"Umekuja mpaka huku kuniuliza mimi?"

"Mliahidiana, Ndugu Absalom."

"Mwanamke anajifungua! Nenda, mama! Nenda!"

Akaitupa nyundo, akafuatana naye, wote wawili wakikimbia kama wendawazimu barabarani.

Walipofika, mvua ilikuwa imekatika. Mwanarehema alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda, mtoto amemfunga kwa upande wa buibui lake. Alikuwa msichana, mdogo mno, lakini yu hai. Mwanarehema alisogea ili Dorcas apite.

Damu ilikuwa imeujaza mkeka. Dorcas alipiga magoti, akaushika mkono wa Mapenzi, bado una joto. Akiwa ameifanya kazi ya ukunga miaka ishirini na tano, aliyajua vema yale aliyoyaona. Yangezuilika, mara ngapi alikwisha kuyazuia kwa mikono yake miwili. Angefika nusu saa baada ya kuitwa, Mapenzi angekuwa anamtazama mwanawe.

Walimzika Jumapili. Kasisi Ruwa na Absalom walisimama bega kwa bega kaburini. Mmoja alisoma, mwingine akaomba, na sauti zao wote wawili zilikatika. Hawakujifanya. Walikuwa wameumia kweli. Lakini Dorcas, akiwa na mtoto kifuani, alisikia mwanamke nyuma yake akimnong'oneza mwenzake: hata msibani, tazama walivyo kitu kimoja. Kisha Boga, aliyetoa mbao za jeneza, akasogea mbele kutupa udongo.

"Wewe usitupe," Dorcas alisema.

Watu wakageuka.

"Mtoto huyu ni wako, Boga. Ulimfungia mama yake ghalani, siku za njaa, na mahindi yetu mkononi. Mimi nilijua. Kasisi alijua. Ndugu Absalom alijua. Tulimfumba mdomo kwa ajili ya amani yetu."

Boga hakukana. Aliachia udongo, akajipangusa viganja, akaondoka kwa mwendo wa kawaida kabisa. Hakuna aliyemfuata wala aliyemzuia. Kafedha alianguka chini akapiga yowe. Kasisi Ruwa alifunga kitabu.

Jumatano walimjia Dorcas pamoja. Walikataa kuketi. Kasisi ndiye aliyesema, macho yakiwa kwenye kitabu chake.

"Boga anataka kiwanja chake. Ametupa mwezi mmoja, ila kama... ila kama kanisa litakanusha ulichosema."

"Nanyi mnasemaje?"

"Watu mia mbili, mama," Absalom alisema kwa sauti iliyochoka. "Wakitawanyika sasa, hawatakusanyika tena. Sema tu ulisema kwa uchungu wa msiba."

"Wewe, Absalom? Wewe uliyetufundisha kusema?"

Alijifuta uso kwa mkono.

Dorcas alikataa. Jumapili iliyofuata karatasi ilisomwa, yenye saini mbili: Dorcas ametengwa kwa kumsingizia mzee wa kanisa. Muda haukutajwa.

Boga aliendelea kuketi mstari wa mbele, na kanisa likaendelea kujaa. Kasisi Ruwa alipita nyumbani kwa Dorcas mara moja tu, alasiri moja, akasimama uani akimtazama mtoto, aliyeitwa Kadzo. Kasisi akaaga kwa kuinua kofia, akaenda zake. Aliyeingia nyumba ile kila siku ni Mwanarehema, na maziwa ya mbuzi kwenye kopo.

Baya alirudi mwaka wa 1946, amekonda, na kovu shingoni. Alikuwa ameshasikia kwa mama yake. Aliketi mkekani pa Dorcas, akaomba aelezwe upya, na Dorcas akamweleza tangu ghala hadi kaburi. Kadzo, akikaribia miaka miwili, alimsogelea akazishika kamba za viatu vyake. Baya hakumfukuza, wala hakumgusa.

"Mke wangu alipoitisha msaada," aliuliza, "wewe mkunga ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani," Dorcas alisema, "nikiomba ruhusa."

Baya aliomba maji, akanywa, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Akapita kaburini, kisha akavuka kwenda Changamwe kutafuta kazi, na Mjambere hakurudi tena. Mavuno ya mwaka ule Kadzo alianza kuongea vizuri. Kila alipomtaja Mapenzi mbele yake, Dorcas alisema "mama yako Mapenzi", ili mtoto asije akadhani kuwa mama yake ni Dorcas.