Swali la Tatu kwa Wangechi

Kwetu wazee hawagusi pombe ya posa kabla msichana mwenyewe hajaulizwa mara tatu kama wainywe. Akikubali mara zote tatu, basi, mambo yameiva. Wangechi, binti wa kaka yangu Bedan, yuko Ufaransa, kwa hiyo Sikukuu ile ya Madaraka aliulizwa kwa simu ya video. Simu niliishika mimi, shangazi yake Ngina, maana hapo sebuleni kwa Bedan, mtaani Membley, wengine wote walikuwa na shughuli ya kujifanya wakubwa.

Wangechi alikuwa jikoni kwake, katika mji mdogo ambao nadhani hata Wafaransa wengi wangeusahau kama si kituo chake cha umeme wa nyuklia. Dirishani nyuma yake ilionekana minara miwili minene ikitoa mvuke. Mchumba wake Philip, fundi wa kuchomelea mabomba, alikuwa zamuni ndani ya kituo hicho. Nafuna, mama yake Philip, alikuwa ametoka mtaa wa Kiuu na wajomba wawili wa Philip, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Wangechi, tukunywe?" akauliza mzee Gichuru, msemaji wetu.

"Kunyweni."

"Tukunywe?"

"Kunyweni, guka."

"Ya mwisho sasa. Tukunywe?"

Hapo king'ora kikalia huko kwake, mlio mrefu uliopanda na kupanda. Wangechi akageukia dirisha. Picha ikaganda, kisha ikapotea.

"Amesema nini?" akauliza Gichuru.

Nilitamani kumpiga kwa kibuyu cha pombe. Wakonyo, mama yake Wangechi, alikuwa ameshapiga yowe. Nilipiga simu tena, haikuingia. Bedan akaninyang'anya akaibonyeza mwenyewe, haikuingia.

"Hiyo kitu imelipuka," akasema. "Ngai! Wakae na mbuzi zao za mahari, mimi nirudishiwe mtoto wangu!"

Aliyasema mbele ya wageni, na hakuna aliyemkanya. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia kwa sauti. Nafuna alipiga simu yake, akaiweka sikioni, akaishusha, akapiga tena.

Halafu jenereta ya jirani ikanguruma. Nikainua macho kwenye kile kisanduku cha waifai: taa zote zimezima. Kumbe stima ilikuwa imepotea hapa kwetu! Nikamnyang'anya Bedan simu, nikanunua bando la intaneti, nikapiga.

"Tata Ngina, mlienda wapi?" Wangechi alikuwa palepale, mwiko mkononi. "Na mbona mnalia? Hiyo king'ora ni ya kujaribu tu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita ya huku. Hata mbwa hawashtuki."

Tulicheka ovyo. Wakonyo alipiga magoti akamshukuru Mungu. Gichuru hakutaka kupoteza muda.

"Tumalizie basi. Tukunywe?"

"Kunyweni!"

Vikombe vikainuka. Nafuna bado alikuwa na simu sikioni.

"Mama Philip, ako sawa," nikamwambia. "Si umesikia ilikuwa ya kujaribu?"

"Nimesikia."

"Na simu wanaacha kwa geti wakiingia," Wangechi akaongeza kutoka mkononi mwangu.

"Najua, mtoto wangu. Lakini wacha nimsikie mwenyewe."

Akapiga tena. Nikaona aibu. Tulimlilia aliyekuwa jikoni anakoroga mchuzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja yule aliyekuwa ndani kabisa.

Bedan akaweka kikombe chake mezani.

"Wekeni chini," akasema. "Msichana tumemuuliza mara tatu. Kijana hatujauliza hata mara moja kama ako hai."

Wakaweka, hata Gichuru. Wakonyo akahama kiti, akakaa karibu na Nafuna. Nyama ikapoa mezani bila mtu kuigusa, mpaka simu ya Nafuna ikalia.

"Mama, kwani kuna nini? Missed calls zote hizi!"

Nafuna akaita jina lake, kisha akaanza kulia. Bedan akaichukua simu ile kwa mikono miwili.

"Philip, ni Baba Wangechi. Ongea na mama yako kwanza, usiharakishe," akasema. "Sisi tutakunywa akimaliza."