Mpiga Besi wa Vifungo Vinne

Bi Cherehani alikuwa na posa mfukoni, na hakuna aliyeijua isipokuwa mdogo wake, maana yake mtaa mzima ulikuwa unaijua.

Posa yenyewe ilitoka kwa Fundi Saa. Katikati ya wiki alikuja kuchukua suruali iliyopunguzwa kiuno, akaukagua mshono kwa jicho moja kama anavyokagua tumbo la saa, akaikunja, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Mimi ni mgane, wewe ni mjane. Chai ya mtu mmoja inapoa upesi. Ukiona inafaa tuoane, nijibu Jumamosi." Akavaa kofia akaenda zake. Hakutabasamu. Hata kofia yenyewe haikutabasamu.

Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa msafi, hanywi, na meno aliyokuwa nayo mengi yalikuwa ya kwake mwenyewe. Kilichomkalia Bi Cherehani kooni kilikuwa kitu kimoja tu. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa heri, Mungu amrehemu, hakumnyanyulia mkono wala sauti. Lakini mzaha ulikuwa ukimfikia kesho yake, tena kwa kusindikizwa. Ukimtania asubuhi, usiku anakugeukia kitandani: "Mama watoto, ulivyosema vile, ulikusudia nini?" Ndoa nzima mwanamke huyu aliishi akifafanua. Mzaha uliofafanuliwa unafanana na chapati iliyolowa, unaweza kuila lakini kwa nini? Sasa huyu Fundi Saa, uso wake kama mlango wa benki siku ya Jumapili, alijua kucheka? Au ndiyo kwenda kufafanua mpaka kaburini?

"Dada, mwanamume anataka kukuoa, wewe unataka akuchekeshe," mdogo wake alimwambia, huku akishona matundu ya vifungo kwenye koti. "Kama ni kucheka, washa redio."

"Redio ninayo. Nikiitania hainijibu."

Ndipo Jumamosi ikafika.

Kila Jumamosi mchana, baada ya kufunga kazi, chumba cha mbele cha Bi Cherehani kiligeuka kuwa baraza la wapenzi wa bendi za zamani. Walikusanyika pale kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na gramafoni inayozunguka bado. Makoti yasiyo na mikono yalisukumwa pembeni, vipande vya vitambaa vikafagiwa chini ya meza, na ubishi ukaanza hata kabla ya maji ya chai kuchemka. Fundi Saa aliingia katika kundi hilo mwaka jana, alipoitwa kuifufua gramafoni iliyokuwa imekataa kuzunguka. Tangu hapo alikuja kila wiki, akakaa karibu na mlango, akagonga goti lake kwa kidole kimoja, akaondoka. Bendi aliyoipenda, hakuna aliyeijua.

Wabishi wakuu walikuwa wawili. Wa kwanza Kinyozi, mpenzi wa rock, ambaye alizikumbuka bendi zote kwa nywele zao. Wa pili Dereva, mstaafu wa malori, mtu wa pop, ambaye kila bendi duniani aliwahi kuiona kwa macho kwa sababu lori lake liliharibikia mlangoni pao.

"Radi Kavu," alisema Kinyozi siku hiyo, akipangusa santuri kwa shati lake kama mtoto aliyetoka kuoga. "Hao ndio wanaume. Gitaa lao lilikuwa linalia kama mtu aliyekanyagwa kidole."

"Ulisikia gitaa, au ulisikia sufuria zikianguka ngazini?" Dereva akamrukia. "Muziki ni Marafiki wa Mwezi, ndugu yangu. Sauti laini. Mtu unaendesha usiku kucha na huhisi usingizi."

"Marafiki wa Mwezi! Nywele zimepakwa mafuta mpaka nzi anateleza! Anaimba 'mpenzi, mpenzi, mpenzi' mpaka mpenzi mwenyewe ameshaolewa na mwingine!"

"Mimi niliwapenda wale wa suruali pana," alisema mdogo mtu, akiwapitishia vikombe.

"Enzi zile wote walivaa suruali pana."

"Ndiyo. Niliwapenda wote."

Chumba kikavunjika mbavu. Bi Cherehani alitupa jicho mlangoni. Fundi Saa alikuwa anapuliza chai yake, shwari kama maji ya mtungi. Roho ya Bi Cherehani ikasinyaa. Jibu lilikuwa linadaiwa leo hii, na yeye hakuwa na alama hata moja ya kumwongoza. Akateremsha macho kwenye koti alilolipakata, koti la mteja mmoja mnene, lenye vifungo vinne mbele, na hapo hapo shetani wa utani akamwingia.

"Nyie bishaneni tu," akasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Kwangu mimi, hakuna bendi iliyowahi kuwafikia Vifungo Vinne."

Bendi ya namna hiyo haikuwahi kuwako, si mjini, si shambani, si redioni. Ilikuwa imezaliwa hapo hapo, na mama yake alikuwa anatunga uzi huku akingoja kuona Fundi Saa atafanya nini. Akicheka, jibu limepatikana. Asipocheka, limepatikana pia.

Wa kwanza kunasa akawa Kinyozi. Alifumba macho, akaguna. "Vifungo Vinne... Si wale wa kuchana katikati?"

"Hao hao," alisema Bi Cherehani.

"Mpiga gitaa wao nywele zilimfika kiunoni! Nilikuwa ndiyo nimeanza kazi. Nikasema, huyu akiingia kwangu, nafunga duka."

Dereva hakuwa mtu wa kuachwa nyuma na kinyozi. "Wewe uliwaona kwenye picha. Mimi niliwaona kwa macho. Gia ilikataa nje ya ukumbi kabisa, nikaingia na grisi mikononi. Walipiga mpaka taa za mtaa zikakatika."

"Rock ile ilikuwa nzito."

"Rock? Vifungo Vinne pop tupu!"

"Usiniharibie jina la watu, mzee!"

Wakaanza kushikana mashati kwa ajili ya bendi iliyokuwa na umri wa kikombe kimoja cha chai. Bi Cherehani aliuma uzi asicheke. Mara akamsikia mdogo wake akivuta pumzi ndefu ya huzuni.

"Walivunjika kwa ajili ya mwanamke," alisema mdogo mtu. "Nililia. Picha yao nilikuwa nayo chini ya mto."

Bi Cherehani akamkazia macho. "Mto ule tulikuwa tunalalia wote wawili."

"Upande wangu, Dada."

Kule mlangoni mambo yalikuwa yale yale. Chai ilipulizwa, ikanywewa, kikombe kikatua. Bi Cherehani akapiga moyo konde, akamuuliza waziwazi, "Na wewe, Fundi? Leo hujasema hata neno. Vifungo Vinne uliwajua?"

Fundi Saa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Niliwajua," akasema.

Moyo wa Bi Cherehani ukaanguka pwaa. Kumbe naye mwongo kama wenzake, tena mwongo aliyepoa.

"Mimi ndiye niliyekuwa mpiga besi."

Biskuti ya Dereva ilizama kwenye chai na hakuna aliyeiokoa. "Wewe!"

"Mimi."

"Mbona sikukuona siku ile?"

"Mpiga besi huwa haonekani. Tunasikika tu."

Kinyozi alisogea, akakitazama kichwa cha Fundi Saa, kilichokuwa kinang'aa kama sahani iliyooshwa. "Na zile nywele?"

"Ziliondoka na bendi."

Bi Cherehani alishusha koti taratibu. Aliutafuta mzaha usoni mwa yule mtu, akautafuta machoni, hata masikioni. Hakuna. Ama huyu alikuwa mwongo wa kutisha, ama alikuwa kitu kingine ambacho Bi Cherehani hakuthubutu kukitumaini. Akamtega tena. "Na kuvunjika, ilikuwaje?"

"Dada amesema kweli," alijibu Fundi Saa, akimwelekezea kidevu mdogo mtu, aliyepigwa na butwaa kwa kusikia kwamba amesema kweli. "Ilikuwa kwa ajili ya mwanamke, mwimbaji wetu. Sauti yake ilikuwa inasimamisha saa za watu ukumbini. Ndivyo nilivyojifunza kuzitengeneza, kila onyesho likiisha watu wanapanga foleni. Siku moja akatuacha." Akakisogeza kikombe kando. "Akaenda kushona nguo."

Vichwa vitatu vikageuka kwa pamoja.

"Bi Cherehani!" Kinyozi alipaaza sauti. "Unatupunguzia suruali hapa, kumbe!"

"Mimi nilijua," alisema Dereva. "Siku ya kwanza nilipoingia humu, nikajiambia, sauti hii nimewahi kuisikia."

"Aimbe! Aimbe!" Huyo alikuwa mdogo wake, damu yake mwenyewe, akipiga kijiko kwenye sinia.

Aliyetega mtego akajikuta mguu wake umo ndani. Alidai koo, akadai uzee, akadai koti la mteja. Haikumsaidia.

"Ule wa kwanza," alisema Fundi Saa kwa upole. "Unaukumbuka? Nitakuanzia." Akavimbisha mashavu, akaanza kupiga besi kwa mdomo: dum, du-dum, dum, du-dum. Kidole kikagonga ukingo wa meza ya kukatia. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Bi Cherehani aliona pembe moja ya mdomo wake ikicheza, kitu kidogo tu, kama mshale wa saa unaposogea ukidhani hakuna anayeuangalia.

Hee! Kumbe muda wote alikuwa mbele yake kwa utani! Bi Cherehani akahisi kicheko kikimpanda toka magotini. Akasimama, akashika mkasi kama kipaza sauti, akaimba kilichomjia:

*Sindano yangu imepotea,*
*nani ameikalia?*
*Asimame tumwone,*
*asimame tumwone!*

Kinyozi na Dereva wakadaka kiitikio kwa nguvu zote. Waliyajua maneno kabla mtunzi hajayatunga. Dereva hata alimsimamisha kumsahihisha, akasema ubeti wa pili ulikuwa wa polepole, na Bi Cherehani akamwomba radhi, akauimba polepole. Walirudia mpaka jirani akagonga ukuta, kisha jirani huyo akaacha kugonga akaanza kugonga kwa mapigo.

Chai ilipokwisha, wale wawili walitoka wakigombania kama ile ilikuwa rock au pop. Mdogo mtu akawasindikiza mpaka mlangoni, akaufunga, na akabaki upande wa nje, sikio likiwa upande wa ndani. Fundi Saa alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Leo ni Jumamosi," alisema.

"Kwanza niambie. Ulijuaje kwamba ni uongo?"

Aliigeuza kofia. "Ulikuwa uongo?"

Bi Cherehani alimtazama, akamzunguka kama nguo iliyotundikwa, asione pa kumshika. Kisha kicheko kikampasuka, kikamkalisha kwenye kiti, machozi yakamtoka. Fundi Saa alimngoja amalize, mvumilivu kabisa, akampa leso.

"Nimekubali," Bi Cherehani alisema akipenga kamasi. "Nimekubali, mwanamume wewe."

Kigelegele kikalia nje kabla neno halijatua. Mlango ukafunguka, mdogo mtu akaingia mbio. "Shemeji! Karibu sana, shemeji! Dada, harusini patapigwa muziki gani?"

"Rock!" ilisikika barabarani.

"Pop!" ilisikika pamoja nayo.

Vishindo vya viatu vikaanza kurudi. Fundi Saa alitazama mlango, akamtazama mchumba wake.

"Tundika kofia," Bi Cherehani alimwambia, akienda kubandika maji mengine. "Hawa hawamalizi leo."