Kilio Kisicho na Sauti

Yassine alizaliwa mjini Sfax na umio usiofika tumboni, akapasuliwa kabla hajaonja maziwa ya mama yake. Kabla ya upasuaji, Daktari Raoudha alimwomba mama huyo, Wided, mtoto aingizwe kwenye utafiti. Baadhi ya watoto wangepewa mofini, dawa kali inayoweza kulegeza pumzi; wengine parasetamoli ya mshipani. Kompyuta ndiyo ingechagua nani apate ipi, na daktari mwenyewe asingejua.

"Na akizidi kuumia?" Wided aliuliza.

"Tutamwongezea mofini, awe kundi lolote. Hatumwachi ateseke."

Akakubali.

Baada ya upasuaji Yassine alilazwa na mpira wa mashine ya kupumulia kooni, ukimziba sauti. Mongia, mama mkwe wa Wided, alipoinama kitandani aliona uso umekunjamana na mdomo wazi, lakini hakusikia kitu.

"Ya Rabbi, analia bubu! Wided, mwanao umewapa wamjaribie dawa kama panya?"

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mtazame!"

Wided alimtazama. Akamkimbilia Raoudha. "Daktari, mwongezee ile kali. La sivyo mtoe kwenye utafiti wenu, sasa hivi."

Raoudha alimchunguza mtoto: paji la uso, ngumi zilizokazwa, mapigo ya moyo. Akasita kidogo, kisha akaagiza mofini. Uso wa Yassine ukakunjuka.

Lakini walipojaribu kumtoa kwenye mashine, pumzi haikutosha. Wakamrudisha. Mapafu yakaingia maradhi, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kumwambia Wided kwamba mtoto atapona.

Alipona. Utafiti ulipokwisha, Raoudha akamwita Wided, akamweleza kwamba Yassine alikuwa kundi la mofini tangu mwanzo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemzidishia?"

"Niliyeagiza ni mimi. Na alikuwa anaumia kweli, nilimwona."

"Ungejua anayo tayari, ungempa?"

"Labda zaidi ya hapo. Labda pungufu ya hapo. Ndiyo maana tunatafiti, dada yangu."

Nyumbani Mongia alikuwa akimsubiri kwa hamu. "Haya, wamekwambia nini?"

"Kwamba amepona," Wided alisema, akageukia ukutani kumnyonyesha mwanawe.