Glavu ya Kinyozi

Kinyozi asiyeweza kushika mashine ya kunyolea ni mpiga porojo tu, na mimi porojo zilinibakia zote. Kiharusi kilinikuta kazini, nimesimama nyuma ya kichwa cha mteja. Mdomo ulipinda, ukarudi. Mguu nao ukarudi, ingawa nikichoka unaburuta. Mkono wa kulia ndio uliobaki kuning'inia begani kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Ungeweza kuuchoma sindano na mimi nikaendelea kukusimulia habari za mpira.

Watu walikuja kunipa pole. "Shukuru Mungu uko hai," walisema, na nilishukuru. Lakini nilipowaangalia wakitoka mlangoni na visogo vilivyonyolewa ovyo ovyo na watu wengine, roho iliniuma. Nilianza kunyoa vichwa kabla sijaota ndevu. Bila ule mkono sikujua asubuhi ningeamka niende wapi.

Hospitali ikanipeleka kitengo cha mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa pale alikuwa dada mmoja mrefu mwenye sauti ya gwaride, na sisi wagonjwa tulimwita Kamanda. Siku yangu ya kwanza alikuja na glavu nyeusi yenye nyaya mgongoni na mota ndogo kwenye kila kidole, imeunganishwa na skrini. Akaniambia inaendeshwa na akili bandia.

"Bandia?" nikamwuliza. "Dada yangu, mama mkwe wangu ana meno bandia, na kila akicheka sote tunafunika vikombe. Bandia ya pili siitaki."

Hakucheka. Alinivisha glavu, akaniambia nikunje vidole. Nilijitahidi mpaka jasho likanitoka, vidole kimya. Halafu glavu yenyewe ikavikunja taratibu, ikavikunjua.

"Nisikilize, baba," akasema. "Hii inakusoma. Ukijaribu hata kidogo, inajua, na inakuongezea kile tu ulichopungukiwa. Leo imefanya kazi yote. Ukipata nguvu, yenyewe itapunguza. Lakini miezi hii ya mwanzo ndiyo mkono hujifunza upesi. Usiichezee."

Nikapewa nirudi nayo nyumbani, nifanye mazoezi asubuhi na jioni, na yeye angeyaona yote kwenye kompyuta yake.

Sasa nikwambie habari za mke wangu. Ni mwalimu wa chekechea. Nusu ya watu wa mtaa wetu waliandika herufi yao ya kwanza wakiwa wameshikwa mkono na yeye. Hasimami mbele ubaoni akapiga kelele. Anainama nyuma ya mtoto, anakifunika kile kiganja kidogo chenye penseli, wanaandika pamoja. Na ana huruma mpaka inakera. Nikikohoa mara moja, maji yameshafika.

Mazoezi tulifanyia sebuleni, mkono wangu umelazwa juu ya mto na yeye pembeni akiushikilia "usije ukaanguka." Nilifumba macho, maana Kamanda alisema nivifikirie vidole. Nafumba, nakaza, navuta pumzi, nikifumbua macho skrini ina kijani, yaani nguvu yangu mwenyewe. Mwanzo kijani kidogo, kisha kikaongezeka, mpaka nikawa nakunja ngumi kabisa. Basi nikaanza kutamba. Nilikwenda saluni, nikamwambia mwenzangu tunayefanya naye kazi, yule tunayemwita Ndevu kwa kuwa hana hata moja, akipanguse kiti changu vumbi, narudi. Alinikumbatia mbele ya wateja.

Siku ya kupimwa, Kamanda alinivisha glavu yeye mwenyewe, mke wangu akaambiwa akae upande wa pili wa chumba.

"Kunja."

Nikakaza. Vidole kimya.

"Tena."

Kimya. Glavu nayo ilinipa msaada kidogo tu, maana iliamini nina nguvu zangu. Vidole vikatikisika, vikalala.

"Limeharibika hili lidude lenu," nikasema, na hasira zimeshanipanda. "Nyumbani nakunja ngumi. Mwulize mke wangu."

Kamanda aligeuza kompyuta yake tuione wote. Akasema mwanzoni programu ilidhani ni mimi ninayekunja, ikapunguza msaada wake. Lakini ilipoendelea kunizoea ilianza kushtuka, na asubuhi ile ilikuwa imemwekea alama nyekundu.

"Nguvu ya mgonjwa inatoka ndani ya glavu," akasema, akipitisha kalamu juu ya mistari. "Hii inatoka nje, chini ya vidole, na inakuja kila ukianza kuchoka. Baba, hapa kuna mikono miwili."

Nikageuka. Mke wangu alikuwa ameukumbatia mkoba wake, anatazama sakafu.

"Ni wewe?"

"Ulikuwa unakaza mpaka mishipa ya shingo inasimama," akasema. "Ningekaaje nikuangalie tu? Nilikusukumia kidogo. Ulipofumbua macho ukaona kile kijani, ukacheka. Hukuwa umecheka tangu uanguke. Kesho yake nikasukuma tena."

Na mimi, mkono wenyewe hauna hisia, ningejuaje? Nilimjia juu. Nilimwambia amenifanya mwanasesere, nimetamba mtaa mzima kwa ngumi isiyo yangu, na ile miezi tuliyoambiwa tusiichezee ameichezea yeye. Nilisema na mengine ambayo mume hapaswi kuyasema mbele ya mgeni. Yeye alilia tu, na mimi nikaona mkono wangu umekwisha, kazi imekwisha, basi.

Kamanda alivuta kiti akakaa karibu naye, si na mimi.

"Mwalimu," akamwuliza, "mtoto unayemshika mkono, unamwachia lini?"

Mke wangu alijifuta macho kwa kiganja. "Nikihisi anavuta mwenyewe."

"Basi na hii glavu inafanya kazi hiyo hiyo ya kwako. Ila mvuto wa mzee bado ni mdogo mno. Kiganja cha mtu hakiwezi kuuhisi, hata yeye mwenyewe hausikii. Yenyewe inausikia. Ukitia mkono wako hapo, inashindwa kumsikia."

"Kwani nina cha kusikiwa?" nikauliza. Nilikuwa bado na ukali, lakini swali lilikuwa la kweli.

"Njooni muone."

Akaukuza mstari mmoja mpaka ukajaza skrini. Kabla ya ile nguvu ya nje kuingia, palikuwa na kinundu kidogo, kama punje ya mchele imewekwa chini ya kitambaa.

"Hiki ni kidole gumba," akasema Kamanda. "Hakuna mtu aliyekishika hapa. Ni wewe, baba, peke yako. Kipo kila siku, na cha wiki hii kimekizidi cha wiki ya kwanza."

Nilikitazama kile kinundu na hasira zote zikanitoka. Nililia, na sioni haya kusema. Daktari yeyote angenifinya kile kidole akaniambia kimekufa, na mimi ningemwamini. Mke wangu alinyoosha mkono anishike, akasita, akaurudisha mapajani. Nikamshika mimi, kwa ule wa kushoto.

Tulianza upya. Kamanda aliifuta ile hesabu ya uongo, glavu ikarudi kunibeba kama siku ya kwanza. Mke wangu alijifukuza mwenyewe sebuleni. Kila nikivaa glavu yeye yuko uani anafua nguo zilizo safi, na mimi namsikia akinyunyiza maji huku akijisemesha. Skrini ikawa na kijani chembamba kweli kweli. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Gumba lilitangulia, kidole cha pili kikafuata kwa mbinde, na siku moja nilijigonga kwenye mlango nikapiga yowe. Mke wangu alikuja mbio akanikuta nacheka. Kiganja kilikuwa kinauma. Tangu lini mtu akafurahia maumivu? Nilikwenda kujigonga tena makusudi, akaniita mwehu.

Siku ya kuirudisha glavu, Kamanda aliniambia kuna mama mmoja fundi cherehani anaingoja. Niliipangusa vizuri kabla sijamkabidhi. Walioitengeneza siwajui, sijui wako nchi gani wala kama wana habari kwamba kuna kinyozi duniani. Mungu awape kila wanalomwomba. Kamanda nilimwambia hivyo hivyo, na nikaongeza kwamba nywele za watoto wake ni juu yangu mpaka waoe. Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Haya, mkono umerudi, tuseme robo tatu. Unashika, unachoka, unatetema. Sasa nani alete kichwa? Wateja wangu wa zamani walinisalimia kwa bashasha, wakakaa kwenye kiti cha Ndevu. Hata Ndevu, nilipomtazama, alijipapasa kichwani akasema amenyolewa juzi. Sikuwalaumu. Sikio ni sikio.

Mke wangu aliingia saluni akiwa ametoka shule, mikono imejaa vumbi la chaki. Alikaa kwenye kiti changu, akavua kitambaa, akaonyesha zile nywele zake fupi zilizoanza kuota mvi.

"Punguza zote, sawasawa," akasema.

Nikamfunga shuka shingoni, mikono yake ikabaki chini ya shuka. Nikawasha mashine. Ndevu alizima redio. Nilianzia kisogoni nikapanda polepole, na nywele zikaanguka mabegani mwake, na kila mstari ulionyooka ulinitia joto kifuani. Nilipofika juu ya sikio mkono ukachoka. Mashine ikaanza kutetema, ikayumba, ikala pengo jeupe ambalo hata kipofu angeliona. Kwenye kioo niliona shuka limenyanyuka. Alikuwa ameinua mikono chini yake. Ilibaki hapo juu kidogo, halafu shuka likashuka, na yeye akafumba macho.

Ndevu akasogea haraka, ameshanyoosha mkono aipokee mashine.

"Mwache, shemeji," mke wangu akasema bila kufumbua macho. "Anaweza."

Nikaupumzisha mkono kwenye bega lake mpaka utetemo ukapungua. Kisha nikaendelea.