Pete ya Mbuji-Mayi

Guelor alifanya vile kwa nia njema, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Siku ya kuja kujitambulisha kwetu, hapa Kenya, alipiga magoti mbele ya wageni akafungua kikasha chenye pete. Shangazi zake wakapiga vigelegele. Tangu lini mabinti wa Kasai, kule Kongo, wakachumbiwa kwa kipete? Kwetu mama wa binti huletewa mbuzi, watu wakala, yakaisha. Siku hizi msichana asiye na almasi kidoleni anaonekana kama ameokotwa.

"Hii majiwe inatoka wapi, mon fils?" mama alimuuliza, akimwita mwanawe.

"Njo diamant ya kwenu, mama, ya Mbuji-Mayi. Nilitaka niheshimie famille."

Maskini, hakujua. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba baba yangu alikufa Kasai. Sikumwambia kwamba baba alituacha hapa mjini akaenda kuchimba almasi hukohuko Mbuji-Mayi, shimo likamwangukia, hakutolewa. Tulizika koti lake la harusi, mimi nikiwa na miaka saba. Nilificha kwa aibu, maana kina Guelor ni watu wa ofisi, nikaona watanidharau.

Mama aliomba aitazame pete. Akaifumbata.

"Bwana yangu iko chini ya ule udongo," alisema. "Hakuniletea hata moja. Hii nitaizika pamoja na koti yake."

Shangazi mkubwa wa Guelor akainuka, akachukua mkoba wake. "Banatukatalia pete? Tuende!"

Guelor alinigeukia, jasho linamtoka. "Estelle, ongea na mama. Batu banatuangalia."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilimpenda, na niliogopa sana kubaki peke yangu. Basi nilipiga magoti mbele ya mama nikafungua vidole vyake, kimoja kimoja. Hakunizuia. Aliniangalia tu usoni, nami nikaangalia chini. Nikaivaa pete mwenyewe, na vigelegele vikaanza upya.

Tulifunga ndoa mwezi wa nane. Mama alikuja, akakaa nyuma, hakugusa chakula.

Sasa ananisalimu vizuri, hanilaumu kwa neno lolote. Lakini mwanangu Mwenya akimuuliza babu yake amezikwa wapi, mama humwonyesha kidole changu.