Sekunde Kumi za Kioo Cheusi

Miaka miwili sasa, Injinia alikuwa akibishana na mashine ya gemu ambayo hata wauza mitumba walikuwa wameikataa. Jina hilo la Injinia alipewa na dada yake mshonaji, waliyegawana naye chumba, meza na kelele. Alichotaka ni kimoja tu: kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya ndani kabisa inayoamsha kompyuta, kiamke hata ndani ya hilo dude lililotengenezwa ili watoto wacheze.

Sasa maji yalimfika shingoni. Watunzaji wa kiini, wale waandishi wa programu wanaoamua kipi kibaki ndani yake, walikuwa wametangaza: hadi Ijumaa, kama hakuna atakayeonyesha walau mashine moja ya aina hiyo imewaka, kila mstari wa programu unaohusu chipu ya mashine hiyo utafutwa. Na miaka yake miwili ingekwenda nayo.

Leo Alhamisi. Akawasha. Kioo cheusi. Akahesabu sekunde kumi, akazima, akabadili mstari mmoja, akawasha tena. Cheusi vilevile. Alikuwa amekiagiza kiini kiitikise pedi ya kuchezea pindi kikiamka, lakini pedi ilikuwa imejilalia mezani, imenuna.

"Dada, nimeshindwa."

"Basi aliyeshindwa aje anishikie kitambaa. Mimi mikono ninayo miwili tu."

Akainuka kwa hasira, akasahau kuzima. Akashika pindo; dada akapima, akakata, akamsema kwa mgongo wake uliopinda. Ghafla meza ikanguruma na mkasi ukaanza kutetemeka.

"Mama yangu! Nini hicho?" Dada akaruka nyuma.

Pedi ilikuwa ikitembea yenyewe kuelekea ukingoni.

Injinia akageuka. Kwenye kioo, mistari myeupe ilianza kushuka mmoja mmoja: chipu imetambuliwa, kumbukumbu imehesabiwa, diski imeonekana. Mashine kongwe, isiyoweza kubeba hata picha moja ya simu, ilikuwa ikijitambua kiungo kwa kiungo, bila haraka.  Hakuwahi kuona kitu kizuri kama hicho maishani mwake.

Akatazama saa. Dakika nne tangu aiwashe. Ndio muda mashine iliouhitaji kukifungua kiini, kilichokuwa kimebanwa ili kichukue nafasi ndogo. Yeye, aliyezoea kompyuta zinazoamka hata hujakaa vizuri, alikuwa akiipa sekunde kumi tu.

"Sasa unalia nini? Si imewaka?"

"Imewaka, dada. Labda imekuwa ikiwaka miezi yote hii. Kila siku inakuja, mimi naizima ikiwa njiani."

 Dada akavuta kiti, wakatazama wote wawili.

Injinia akapiga picha, akaituma kwa watunzaji. Jibu likaja jioni ileile: "Tumeona. Chipu inabaki. Tuandikie maelezo kwa watakaofuata."

Akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja, dada akijifanya haoni. Kisha akaandika mstari wa kwanza: "Ukiiwasha, kioo kitakuwa cheusi. Usiizime."